Chumba cha Ndani Kisicho na Dirisha

Mkipanda meli ya kitalii, nawasihi mambo mawili: msichukue chumba cha ndani kisicho na dirisha, hata kikiuzwa bei ya kutupa, na dawa ya mgonjwa isikae mbali naye. Mimi meli nazijua kuliko baadhi ya manahodha, lakini haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, aliyempeleka mama yake matembezi.

Mchana mmoja pumu ikambana mama chumbani. Pampu yake ya dawa walikuwa wameisahau juu, kwenye viti vya kuotea jua.

"Kimbia, mwanangu," mama alisema kwa shida. "Nataka kufa kwa uzee, si kwa usahaulifu wako."

Fundi akapanda mbio, akaipata. Alipokuwa anashuka ngazi, umeme ukakatika. Korido ikawa giza totoro, mchana ule. Akapapasa milango, akihesabu, akikosea, akianza upya, akilia na kumwita mama. Alichosikia ni injini tu, zikinguruma chini ya miguu yake. Kadi ilipoufungua mlango wao, maana kufuli hizo hutumia betri, alikuwa ameshakata tamaa.

"Mama, hii hapa. Vuta."

"Pumzika, mwanangu, ile uliyoniletea imenitosha," mama akajibu gizani, akipumua vizuri kabisa. Akampapasa mkono. "Mbona umekauka upesi hivi? Si umeingia bafuni sasa hivi, umelowa chapachapa?"

Bafuni, mtu alikuwa anakamua nguo.