Jiko Lililomuuma Mwanahalima

Mwaka 1979 Kitwana alikuwa karani mjini Kibaha. Aliishi Maili Moja na mkewe, Mwanahalima, na binti yao, Tatu. Kila asubuhi Mwanahalima alipika vitumbua vya kuuza. Masika yale mkaa ulilowa. Alipuliza moto mpaka macho yakamwiva.

Kitwana alimwonea huruma. Akanunua jiko la umeme kwa mwalimu aliyekuwa akihama. Lilikuwa la chuma, na waya wake ulikuwa mfupi. Kitwana akauunga na waya mwembamba wa taa, akafunga kiungo kwa kitambaa. Waya wa jiko ulikuwa na nyuzi tatu, wa taa mbili. Ule wa tatu, wa kijani, akaukata.

"Si umwite Anselmi auangalie?" Mwanahalima aliuliza. Anselmi, jirani yao, alikuwa fundi umeme.

"Kazi ndogo kama hii nimsumbue mtu?"

Baada ya siku chache Mwanahalima akasema, "Baba Tatu, jiko linaniuma vidole."

Kitwana akacheka. "Linakutekenya tu. Vaa kandambili."

Jumatatu asubuhi Mwanahalima alishika ukingo wa jiko kwa mkono wenye maji. Alipiga ukelele mmoja, kisha kimya. Mkono ulinasa kwenye chuma. Kitwana akaruka ili amshike.

"Usimguse!" Anselmi alipiga kelele mlangoni. Alikuwa ameusikia ule ukelele. Akakimbilia swichi kubwa ukutani, akaizima. Mwanahalima akaanguka sakafuni.

Alilazwa hospitali wiki tatu. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vimekunjamana.

Siku moja, mkewe akiwa bado wodini, Kitwana alimwita Anselmi jikoni.

"Nilikosea wapi, ndugu yangu?"

Anselmi aliinua ule waya mwembamba. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa imeyeyuka.

"Waya huu ni wa taa. Jiko linavuta umeme mwingi, waya ukapata moto. Ngozi ikaisha kidogo kidogo, nyuzi zikabaki uchi zikagusa jiko, umeme ukaingia kwenye chuma."

"Na ule wa kijani?"

"Huo ndio mlinzi. Umeme ukipotea njia, huo huupeleka ardhini. Fyuzi inakatika, jiko linazimika. Wewe uliukata."

"Na mtu akinaswa?"

"Zima umeme kwanza. Ukishindwa, simama pakavu, umsukume kwa mti mkavu. Ukimshika, mtanaswa wawili. Na chombo kikianza kuuma, hata kidogo, zima, chomoa, uite fundi."

Kitwana aliinama. "Aliniambia. Nikamcheka."

Anselmi akaung'oa ule waya wa taa.

Alitandika waya mnene wa nyuzi tatu, mzima, usio na kiungo. Akafunga soketi ya jiko tu, mbali na maji, yenye fyuzi yake. Akapima kila kitu kwa kipimo chake. Kisha akasema, "Sasa pikeni."

Mwanahalima aliporudi, alisimama mbali na jiko. Kitwana akaliwasha. Akaweka kiganja chake kwenye ukingo, akakiacha hapo.

"Haliumi," alisema. "Njoo."

Mwanahalima alikitazama kile kiganja.

"Ungelishika siku ile nilipokwambia, Baba Tatu."

Akasogea, akabandika sufuria kwa mkono wa kushoto.