Kila Msimu Una Kasoro

— Usije sasa hivi, mpenzi wangu. Huku ni mvua tupu. Daraja limesombwa, hata punda hawapiti.

Simu nilikuwa nimeibana kwa bega, mkono unagonga muhuri kwenye tiketi. Kazi yangu ni kuwauzia wageni safari za kwenda bonde la juu, lile la nyuma ya vilele vya theluji. Huko ndiko mchumba wangu alikokuwa akiongoza wapanda milima wa kampuni nyingine. Wenzake walimwita Ngazi, kwa urefu wake. Alimwahidi baba yangu kwamba ndoa yetu itafungwa kule bondeni, na tangu mwaka jana tulikuwa tunachagua msimu wa mimi kupanda. Kila msimu ulikuwa na kasoro. Kipupwe, theluji imeziba njia. Kiangazi, upepo unang'oa mahema. Sasa mvua. Yeye mwenyewe kushuka, eti kazi zimembana.

Mbele ya kaunta yangu alisimama mteja mwenye kipara, ameshuka kutoka bonde hilo hilo asubuhi ile. Alikung'uta kofia, vumbi likatua kwenye karatasi zangu.

— Mzee, samahani. Daraja la bondeni mmevukaje?

— Kwa miguu, binti. Liko pale pale. Mvua imegoma mwaka huu, tumekula vumbi mpaka basi.

Simu bado iko hewani. Ngazi anatusikia.

— Na mwongozaji mmoja mrefu, wanamwita Ngazi, mmekutana naye?

— Huyo tumemsikia tu. Wanasema alishushwa kwa machela mwaka jana. Mapafu. Hajarudi tena.

Simu ikakatika.

Wivu ndio ulionijia kwanza, sifichi. Nikasema huyu ana mke mahali. Nikamwandikia dada yake, anayefua na kupiga pasi nguo za watu nyuma ya soko:

"Wifi, kaka yako yuko wapi? Usinizungushe."

Akajibu: "Nisamehe wifi yangu. Yuko kwangu. Aliniapisha nisiseme."

Kwangu na kwa wifi, unanunua soda, haijaisha umefika.

Nilimkuta chumba cha nyuma, kakaa kwenye stuli, anakunja mashuka ya hoteli. Mwanamume aliyekuwa akijaza mlango, leo shati linamcheza mwilini.

— Mwaka mzima unanisimulia theluji ukiwa kwenye mvuke wa pasi?

— Kaa kwanza.

— Sikai! Nimekataa wachumba, nimegombana na baba, kumbe namsubiri mtu wa nyuma ya soko!

— Ningekwambia nini? Daktari kanipiga marufuku kupanda. Nikamwomba msimu mmoja tu, ule wa maua. Kasema kwangu mimi hakuna msimu.

— Basi hatuendi! Bonde kitu gani? Mimi nauza mabonde kila siku.

Alitaka kucheka, kikohozi kikamuwahi. Wifi alikimbia na maji. Kilipomwachia, midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu.

— Si kupanda tu, alisema taratibu. Haya mapafu hayaponi. Nilidhani nikikuchosha na misimu utaniacha kwa hasira. Hasira inapoa. Sikutaka nikuachie msiba.

Ningemkuta na mwanamke, ningemvua wigi tukamalizana. Kifo utakivua nini?

Nikapiga simu.

— Baba, shikamoo. Ngazi ameshuka. Njoo kesho na watu wako, tunaoana.

— Marahaba. Ameshuka? Si mlisema mtaoana kwenye maua?

— Maua hayatuhusu.

— Binti yangu, unalia?

— Nalia, baba. Njoo tu.

Ngazi akanishika mkono wa nguo.

— Utakuwa mjane kabla hata...

— Nyamaza, utaishiwa pumzi.

Kesho yake tulioana kwenye chumba kile kile, mashuka ya watu yamesukumwa pembeni. Kusema "nimekubali" kulimtaka apumzike katikati, na mfungishaji ndoa akamngoja. Baba aliangalia chini muda wote. Wifi alipiga vigelegele peke yake, sauti ikamkatikia njiani, hakuna aliyempokea.

Watu walipotoka uani kula, Ngazi akaniinamia.

— Unajuta?

— Ndiyo.

— Nilijua.

— Hujui kitu. Tulikuwa na mwaka mzima, mume wangu. Ningekuwa nakupikia, nakukandakanda hicho kifua, tunagombana kama watu. Wewe ukautumia kunidanganya mvua.

Akauvuta mkono wangu, akauweka kifuani pake. Mimi sikuwa na moyo wa kumuuliza ni muda gani daktari alisema umebaki.