Harufu ya Poda

Kila kichwa kilipotaka kumuuma, mke wa fundi cherehani alisikia kwanza harufu ya poda ya mtoto. Nyumba ile haikuwa na poda tena. Kopo la mwisho fundi alilitupa mwenyewe, walipomzika binti yao wa pekee, Chiriku, mtoto mwenye domo ambalo hata redio ililionea wivu.

Dawa za maumivu ziligonga mwamba.

"Kikianza tu, namsikia anaimba," mke alimnong'oneza mumewe. "Humu, nyuma ya macho."

Mama mzazi wa mke, aliyekuwa karibu, alishika kifua. "Mwanangu, huyo si mtoto. Ni jini limevaa sauti yake."

Fundi hakuamini majini. Alimbembeleza mkewe waende hospitali, huku wivu ukimla, maana yeye hakuwahi kuusikia wimbo hata mara moja.

Daktari alisema watatoa maji kidogo ya uti wa mgongo wakayapime. Mke akalazwa ubavu, magoti kifuani, na fundi akaambiwa amkumbatie asitikisike.

"Dokta, sindano hiyo!" fundi alitania. "Yangu ya kushonea magunia haioni ndani."

Daktari akaidunga mgongoni.

Maji yakapanda kwenye mrija, maangavu, yakicheza kwa pumzi za mgonjwa. Kisha mgonjwa akabana pumzi kwa woga, lakini maji yakaendelea kupanda na kushuka, harakaharaka, kama kifua cha mtoto aliyelala, na harufu ya poda ikajaa chumbani mpaka nesi akageuka kutazama nyuma yake, na fundi, aliyekuwa amegusanisha paji lake na la mkewe, akahisi kitu cha uvuguvugu kikitoka kule na kuingia kwake.

Sindano ikachomolewa. Mke akatulia, kisha akaanza kulia.

"Bado kinauma?" daktari aliuliza.

"Kimeacha. Na yeye ameacha." Akamshika mumewe mkono. "Baba Chiriku, umemsikia alikoelekea?"

Kichwa cha fundi kilikuwa kinapasuka. Nyuma ya macho yake Chiriku alikuwa anaimba, uleule wimbo aliokuwa akiimba chini ya cherehani. Alikumbuka maneno ya mama mkwe, akaogopa, na bado alitamani wimbo usiishe.

"Sijasikia kitu, mke wangu," alisema, akimfuta machozi.

Majibu yalirudi safi. Mke bado anamlilia mtoto upya, kana kwamba amemzika mara ya pili. Fundi anashona macho yakiwa mekundu, na dawa za maumivu hagusi, Chiriku asije akanyamaza.