Wananitaja Nyumbani

Kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Subilaga hakubaki kupiga soga na wenzake. Alitia vitabu mkobani, akashika njia ya kurudi Kangle, mtaa wao ndani ya jiji la Guangzhou. Nyumba za Kangle zimesogeleana mno, hata mtu wa ghorofa ya tatu anaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani. Chini, karibu kila mlango ni karakana ya kushonea nguo. Vyerehani hunguruma kutwa, mikokoteni ya majora ya vitambaa hupita mbio, na asiyejua kukwepa atajifunza siku hiyo hiyo. Subilaga alijua kukwepa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na Kichina chake kilikuwa safi kuliko cha wazazi wake wote wawili wakiunganishwa.

Mama yake alikuwa akimngoja na mkoba begani. Kila alasiri alishuka karakana ya uchochoro wa pili kusimamia sare za shule alizoagizwa kupeleka Mbeya. Baba yake, Lusajo, alikuwa chuo kikuu akisomea udaktari wa falsafa kwa Kiingereza, naye hurudi jioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bibi amekula vizuri. Maji yake ya saa kumi hajapata. Usiyasahau."

Angeyasahauje? Hiyo ndiyo kazi aliyojivunia kuliko zote duniani.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuja kutoka Tukuyu kuwatembelea kwa miezi miwili tu, aone mjukuu, aone na hao Wachina, arudi. Kabla miezi miwili haijaisha akapigwa na kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea, mdomo ukaenda upande, na koo likasahau kazi yake. Maji mepesi yaliweza kupita njia isiyo yake na kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo kila alichokunywa kilitiwa kwanza unga wa wanga, mpaka kidondoke kijikoni taratibu kama asali.

Nesi Liang wa kituo cha afya cha mtaa ndiye aliyekuja nyumbani kuwafundisha. Alimfundisha mama kumgeuza Bibi, kumwogesha na kumlisha, huku Subilaga akitafsiri, maana Kichina cha mama na cha baba kilikuwa cha kuulizia bei. Mama aliposema kwamba alasiri hayupo, nesi alitikisa kichwa. Mtoto hakabidhiwi mgonjwa, alisema. Lakini alimwona Subilaga akikoroga maji, akamwambia akoroge tena. Akaja siku nyingine, akamtazama akimnywesha Bibi ameketi wima, kidevu kimeinama, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo apewe kingine. Mwisho akakubali.

"Nakupa kazi hii moja," alimwambia. "Nakupa wewe, kwa Popo huyu, kwa saa hii ya alasiri. Huwezi kumpa jirani akusaidie, wala huwezi kwenda kumnywesha mgonjwa mwingine. Na lolote likitokea, uniambie."

Popo ndivyo watu wa huko wanavyomwita bibi kizee kwa heshima. Subilaga alitikisa kichwa kukubali yote, na usiku ule alilala akitabasamu.

Kasoro ilikuwa moja tu. Bibi aliyachukia maji yale.

"Hii ni gundi," alisema kila alasiri. "Mjukuu wangu unaninywesha gundi."

"Ndiyo dawa yenyewe, Bibi."

"Najua. Ndaga." Hivyo ndivyo Wanyakyusa wanavyoshukuru. Kisha Bibi alitazama nje, kwenye ukuta wa nyumba ya pili, kana kwamba nyuma yake kuna mlima Rungwe. "Nyumbani, bomba liko nyuma ya jiko. Maji yake yanatoka mlimani, ukiyanywa yanauma meno. Ya huku wameyachemsha mpaka yamesahau yalikotoka."

Hamu ya nyumbani ilimkaa Bibi mwilini kuliko ugonjwa. Tena hakuwa na hamu ya bure. Mwezi uliofuata ndugu wangekusanyika kulijengea kaburi la Babu, na Bibi alitaka awepo atie mkono wake kwenye udongo ule. Mipango ilikuwa tayari. Kassian, mwanafunzi mwenzake baba, alikuwa amemaliza masomo na anarudi Mbeya. Angesafiri na Bibi ndege moja. Daktari alisema kifua cha Bibi kikibaki kizuri mpaka siku hiyo, atamruhusu. Kisipokuwa kizuri, hapandi ndege.

Sasa ikaja wiki ya joto. Joto la Guangzhou ni lile linalobandika shati mgongoni kabla hujalifunga vifungo. Feni ilizunguka, ikasambaza joto lile lile. Subilaga alifungua kopo la unga, na Bibi akamshika mkono kwa mkono wake mzima.

"Leo usitie."

"Bibi, nesi alisema—"

"Kwangu niliweka ndoo ya maji barabarani, apitaye anywe. Mlevi alikunywa, mwizi alikunywa. Maji hanyimwi mtu, Subilaga. Mimi nimekosa nini?"

Wewe unayesoma, usimcheke. Ungekuwa wewe, na bibi yako mzaa baba anakuomba maji kwa sauti ile, ungefanya nini? Subilaga aliona haya kuliko alivyoona hofu. Akachota kijiko cha maji matupu, akampa. Bibi akafumba macho. Akapewa cha pili, na cha tatu kikampalia. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, Subilaga akimpapasa mgongo.

Kikohozi kilipotulia, Bibi alikuwa anacheka.

"Umesikia? Wananitaja nyumbani."

Hata nyie mnajua. Mtu akipaliwa kwetu, huulizwa nani anamtaja huko aliko. Subilaga alicheka naye, kwa sababu alitamani sana iwe kweli. Alimwona shangazi jikoni Tukuyu akisema, mama atafika lini? Kesho yake akampa tena maji matupu, na kesho yake tena. Kila mara Bibi alikohoa kidogo, na kila mara walihesabu ni nani anayemtaja. Leo shangazi. Leo mchungaji wa kanisani. Leo Babu mwenyewe, alisema Bibi, na hapo hawakucheka.

Nesi Liang alikuja alasiri moja mama akiwa karakana. Alimpima Bibi, akatazama kopo la unga, akaona halijapungua sana.

"Muulize Popo, amekunywa maji yasiyotiwa unga?"

Subilaga akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo.

Bibi hakujua kuficha jambo. Uso ulimng'aa. "Mwambie nimekunywa. Mwambie mjukuu wangu ananipa, Mungu ambariki."

Nesi akamgeukia Subilaga, akingoja. Chumba kizima hakuna aliyejua lugha zote mbili ila yeye. Akiyasema, nesi atamnyang'anya kijiko. Daktari atasikia. Ndege itaondoka bila Bibi.

"Anasema hajakunywa," alijibu kwa Kichina. "Anasema unga si mtamu, lakini anavumilia."

Nesi Liang akatabasamu, akampiga Bibi kofi dogo la upendo mkononi. Bibi naye akatabasamu, akidhani anapongezwa kwa ukweli wake. Subilaga alisimama katikati ya tabasamu mbili. Tangu kiharusi kimshike Bibi, yeye ndiye aliyekuwa ulimi wake mbele ya nesi, na leo ulimi huo ulikuwa umemsingizia.

Siku chache baadaye Bibi aliamka na homa. Hakutaka uji, na alipumua kama aliyepanda ngazi. Mama alilaumu feni. Baba alilaumu mvua. Nesi Liang alikuja asubuhi hiyo, akasikiliza kifua mbele na nyuma, akakunja uso.

"Mafua yameenea mtaani," alisema taratibu. "Huenda ni hayo. Waulize wazazi wako, kuna kitu chochote kilichobadilika katika kula au kunywa kwake?"

Subilaga hakutafsiri. Baba na mama walimtazama. Nesi alimtazama. Bibi alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Angeweza kuwauliza wazazi, nao wangesema hakuna, na huo ungekuwa ukweli wao. Lingeitwa mafua, na Kassian alikuwa bado hajaondoka.

Kisha Bibi akakohoa, na Subilaga akajua kwamba hakuna mtu Tukuyu anayemtaja mtu namna ile.

"Kipo," alisema kwa Kichina. "Nimempa maji matupu, mara nyingi. Alipaliwa. Na siku ile ulipouliza, Bibi alikujibu ukweli. Mimi ndiye niliyekudanganya."

"Umemwambia nini?" mama aliuliza, maana aliona uso wa nesi umebadilika.

Ikabidi aseme tena, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Lilikuwa gumu zaidi mara ya pili. Baba alikaa kitandani akashika kichwa. Nesi Liang hakugomba. Alikuwa tayari ameshika simu.

Hospitali walisema ni nimonia, maji yameingia kwenye mapafu. Kwa kuwa walijua chanzo, walianza dawa yake siku ile ile. Kassian alikuja wodini kuaga, amebeba salamu badala ya abiria. Alipotoka, Subilaga alilia akiwa ameinamia shuka.

"Nimekukosesha safari, Bibi. Kaburi litajengwa hujafika."

Bibi alimwekea mkono kichwani. Sauti ilikuwa dhaifu. "Mimi ndiye niliyekuomba, na mimi mkubwa. Kosa tugawane. Ila lile la kumwambia nesi uongo, hilo beba mwenyewe, sina mkono wa kukusaidia."

Waliporudi Kangle, Nesi Liang alikuja kuwaona. Kijiko cha alasiri kilikuwa kimerudi kwa mama, naye sasa alishinda nyumbani huku sare zikichelewa. Nesi alimwita Subilaga, akaketi naye uso kwa uso, akamtaka atafsiri kila neno ili wazazi nao wasikie. Hivyo Subilaga alijitafsiria somo lake mwenyewe, masikio yakimwaka.

"Mimi ni muuguzi, lakini siwezi kukaa katika kila nyumba. Kwa hiyo naacha sehemu ya kazi yangu mikononi mwa watu. Kazi ile bado ni yangu. Ikiharibika, naulizwa mimi. Ni amana. Kumpa Popo maji lilikuwa kosa, lakini ni kosa la huruma, na huruma hufundishwa. Ulipouficha ukweli, uliniziba macho, na nesi aliyezibwa macho anaweza kuua. Nilikupa nusu mbili za kazi: mkono wa kumnywesha, na mdomo wa kuniambia. Mkono ulikosea. Mdomo ulichelewa, lakini ulisema, na kwa sababu ulisema, Popo yuko hapa."

Akatoa kijiko kidogo mfukoni, akakiweka mezani. "Na mimi nina kosa. Sikuuliza anapenda kinywaji gani. Nionyeshe anachokunywa kwao."

Mama akapika uji wa ulezi, akauchuja mara mbili. Nesi akauinua kwa kijiko, akautazama ukidondoka taratibu kama asali, akacheka peke yake. Haukuhitaji hata chembe ya unga wa wanga. Bibi akapewa, akaumeza.

"Hii," alisema, "inatoka kwetu."

Alasiri ya pili Subilaga alikirudia kijiko, nesi akiwa amesimama mlangoni kumtazama, kama mwanzo kabisa.

Baba alipiga simu Tukuyu kueleza yaliyotokea. Baba mkubwa alijibu kwamba kaburi litangoja. Bibi aliposikia alisema Babu hakuwahi kuwa mtu wa haraka hata alipokuwa hai. Siku ya harusi yao alichelewa. Mama akaamua sare zikiisha ataondoka na Bibi yeye mwenyewe, akae huko likizo nzima. Subilaga angebaki na baba. Alitaka kwenda nao kiasi kwamba kifua kilimuuma, ila nauli ya watu watatu haikuwepo, na hakuomba.

Kabla ya safari, daktari akiwa amekwisha kumruhusu Bibi, Nesi Liang alikuja na kikombe cha maji matupu ili apime koo. Bibi akaketi wima, akainamisha kidevu. Akameza kijiko kimoja, kisha cha pili, cha tatu. Wote walibana pumzi. Kikohozi hakikuja.

Bibi akawatazama mmoja mmoja. "Mbona kimya? Leo hakuna anayenitaja?"

"Wamenyamaza, Bibi," alisema Subilaga. "Wanajua unakuja."

Nesi akauliza wamesema nini. Subilaga akamtafsiria yote, bila kupunguza wala kuongeza.

Wakaondoka. Siku mbili baadaye baba na mwana walikaa mezani, kiti cha dirishani kitupu, vyerehani vikinguruma chini. Subilaga alikunywa chai haraka haraka apate kuinuka, ikampalia. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Unatajwa," baba alisema taratibu. "Wamefika."

Subilaga alijua sasa koo linavyofanya kazi, kuliko baba yake. Alijua amekunywa kwa pupa tu. Alifuta macho, akashusha kikombe, akatazama ukuta wa nyumba ya pili.

"Ni Bibi," alisema.