Maji Ndani ya Frein

“Mama Bénie… pédale imeshuka mpaka chini!”

Ndivyo bwana yangu Muyisa alivyoniambia, akikanyaga frein, yaani breki, tukiteremka kutoka Butembo kwenda Beni, wakati wa vita, watoto wetu wawili wakiwa nyuma.

Chini ya mteremko palikuwa na barrière: gogo barabarani, na askari. Miaka ile, gari isiyosimama mbele ya barrière ilipigwa risasi. Hakuna kuulizwa.

“Tia gia ya troisième!” nikamwambia. “Sasa deuxième, injini itushike!”

Nikashika frein à main, breki ya mkono, mwenyewe, nikaivuta pole pole. Hiyo inavuta kamba ya chuma, haitegemei mafuta ya frein.

Gari ilisimama pua yake ikikaribia kugusa gogo.

“Chauffeur! Unatafuta kufa?” askari mmoja alipiga kelele, bunduki imekwisha kutuelekea.

Muyisa, mwanaume wa kelele nyingi nyumbani, aliinua mikono juu tu.

Nikaonyesha watoto, askari akashusha bunduki, nami nikamgeukia Muyisa.

“Nilikununulia chupa mupya ya mafuta ya frein. Ulitia?”

“Nilitia…”

“Ulitia nini?”

“Maji kidogo. Mais, liquide ni liquide, yote ni majimaji!”

Wasomaji wangu, mimi ni mwalimu wa kemia. Na niliolewa na mtu huyo kwa hiari yangu!

Maji yanachemka mapema kuliko mafuta ya frein. Ukikanyaga sana kwenye mteremko, frein inapata moto, maji yanageuka mvuke. Mvuke unabonyea. Mguu unakanyaga hewa.

“Na chupa yangu iko wapi?”

Jibu lilitoka upande mwingine. Pick-up moja ilikuwa inakaguliwa hapo. Kwenye usukani: Adèle, muuza vitenge wa Kimemi, kwetu Butembo, “cousine”, eti binamu, wa Muyisa. Cousine ambaye hata mama mzazi wa Muyisa hakumjua!

“Ah, Papa Bénie! Ile mafuta ya frein ulinitilia jana, merci mingi! Gari inasimama muzuri!”



Muyisa akakanyaga pédale. Ikawa ngumu tena.

“Umeona? Iko nguvu! Twende!”

“Imepoa tu. Miteremuko ya mbele haijaisha.”

Nikashusha watoto. Nikaenda kwa Adèle.

“Uko na place ya watu watatu?”

“Mama Bénie… unajua mimi ni nani?”

“Ninajua. Uko na mafuta yangu.”

Tukapanda. Muyisa akatangulia kwa hasira.

Mbele kidogo tulimkuta kando ya barabara, matope mpaka magotini, gari imelala mtaroni. Mzima kabisa. Anapunga mkono.

“Tumupite?” Adèle aliuliza.

“Simama. Si uko na frein?”

Muyisa alipanda nyuma, juu ya magunia ya viazi vya kijiji cha Kipese. Akashikilia magunia mpaka Beni.

Dada zangu, mwanaume akisema anapenda familia yake, acha kusikiliza mdomo. Fungua kapo, boneti ya gari, tazama ndani ya kachupa ka frein.

Na mafuta yale yabadilishwe kila miaka miwili, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Yanavuta maji ya hewa yenyewe, hata kama bwana yako ni mwaminifu!