Beti Tano za Mzee Funguo

Haya nimeyapata kwa mdogo wangu wa mwisho, yule tuliyemwita Kalamu. Alinieleza mwaka ule nilipovunjika nyonga, alipokuja kuniuguza wiki saba. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini kusikiliza hakudai cheti. Nilinyamaza, naye akamwaga yote.

Mwizi waliyempa jina la Miwani alikuwa hatua ishirini mbele yake.

Alibeba sanduku la Samsonite la rangi ya kahawia. Hakukimbia. Mwizi mzoefu hakimbii. Anayekimbia ni yule aliyeibiwa.

Kalamu alimfuata kwa upande wa pili wa barabara. Mtandio kichwani, kamera ya Nikon shingoni, begi la turubai begani. Ungemwona ungesema ni mwandishi wa magazeti anayetafuta habari, na ndivyo alivyokuwa.

Kidude kilichokuwa sikioni, kidogo kama punje ya mahindi, kikakoroma.

"Kalamu, hapa Mkuu. Unamwona?"

"Namwona."

"Anacho?"

"Anacho. Anabadilisha mkono kila baada ya maduka matatu. Nguo hazina uzito huo."

"Usimguse."

"Mkuu, niko hatua ishirini."

"Hata zikiwa mbili. Usimguse."

Miwani akaingia ofisi ya mizigo. Akatoka mikono mitupu. Akawasha sigara, akasimamisha teksi, akaenda zake kama mtu aliyetoka kununua stempu.

Kalamu alibaki mbele ya duka la viatu akijifanya anachagua kandambili. Mikono ilimwasha.

Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa mwandishi wa kujitegemea. Maana yake hana meza, hana bosi, hana likizo. Ana miguu. Wenzake waliandika siasa na mpira. Yeye aliandika imani za watu, utamaduni wao, na maisha yao ya kila siku: nani anafagia nyumba ya ibada, nani anaosha maiti, bibi harusi analia kwa ajili gani. Aliingia kokote palipovuliwa viatu na kokote palipovaliwa kofia.

Ndiyo maana Idara ya ujasusi ilimtaka. Jasusi mwenye bastola hufunguliwa mlango mara moja tu. Mwanamke mwenye daftari huwekewa kiti.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na kitabu cha sala kilichoandikwa kwa mkono, cha miaka mia mbili na ushee. Kilikuwa mali ya nyumba ndogo ya ibada nyuma ya mtaa wa mafundi cherehani. Mtunzaji wake, mzee wa miaka sabini na sita aliyefiwa na mke, aliitwa Mzee Funguo. Aliishi katika chumba kilichoshikana na nyumba ile, na alikitunza kitabu kile miaka arobaini.

Hiki kilikuwa kitabu cha kumi. Nyumba tisa za ibada, za dini mbalimbali, zilikwisha kuibiwa vya kwao. Na katika kila nyumba, aliyebebeshwa lawama ni mtunzaji.

"Mkuu," Kalamu alisema, akikigeuza kiatu asichokitaka, "mzee yule ataulizwa."

"Najua. Sikiliza. Miwani ni mbebaji tu. Tunamtaka mnunuzi. Yuko hotelini, na hatoki mpaka apate neno kutoka ndani ya ile nyumba, kwamba mzee ameshaitwa mwizi na hakuna anayetafuta kwingine. Kuna mtu wao mle. Hatumjui."

"Basi tumpeleleze."

"Saa nane wanakutana. Nenda ukakae. Tazama nani atashika simu."

"Na mzee?"

"Usimtetee. Ukimtetea wakakuamini, neno halitatumwa. Mnunuzi atapanda ndege, na vitabu tisa vitapotea naye."

Kalamu akakirudisha kiatu rafuni.

"Kuna jambo jingine," Mkuu alisema, na sauti yake ikashuka. "Tumepekua chumba cha Miwani. Tumekuta gazeti. Mistari imepigwa wino mwekundu."

"Gazeti gani?"

"Makala yako."

Ilikuwa ile makala ya miezi miwili nyuma, ya siku moja ya Mzee Funguo tangu kuamka hadi kulala, iliyosifiwa na kila aliyeisoma. Alikaa kwa mzee siku tatu akiandika kila kitu, maana hiyo ndiyo kazi yake: jambo dogo ndilo linalomfanya msomaji amwone mtu. Aliandika kwamba mzee huoga saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwamba huvua ufunguo shingoni na kuutundika msumarini nje ya bafu, usipate kutu. Kwamba akioga huimba beti tano, zile zile, hapunguzi wala haongezi.

Wasomaji waliona mzee mpole anayeimba. Miwani aliona saa ya ukutani. Kwa beti tano mtu anachukua ufunguo, anafungua kasha, anatoa kitabu, anafunga, na ufunguo anaurudisha msumarini.

Jasusi mzima, amemchorea mwizi ramani.

Simu yake ya Nokia ikalia. Alikuwa binti wa mzee, mshonaji.

"Dada, uko wapi? Wamefungua kasha, halina kitu! Wanasema ni baba. Njoo, dada. Wewe unamjua, watakusikiliza."

"Nakuja, mdogo wangu."

Hilo alilisema kweli.

Ukumbi ulikuwa mdogo, wa mabenchi, wenye harufu ya nta na vumbi la mikeka. Watu kama thelathini. Kasha lilikuwa mezani, kifuniko wazi, na ndani kitambaa cheupe kilichobonyea umbo la kitabu. Mzee Funguo aliketi kwenye kiti peke yake, magoti pamoja, kofia mkononi.

Kalamu alikaa benchi la mbele. Mkononi alikuwa na kalamu ya Idara. Ukiigonga mara moja, ndiyo. Mara mbili, hapana. Kule redioni walisikia.

"Kasha lina ufunguo mmoja," alisema Kiongozi wa nyumba ile, mama wa makamo aliyekuwa karibu kulia. "Ufunguo uko kwako, mzee wetu. Tusaidie."

"Sijui, mama. Jana kilikuwepo."

"Huyu hata njiwa hawafukuzi dirishani," bibi mmoja akadakia kutoka nyuma, "leo aibe kitabu? Akakisome wapi, na macho yenyewe yale?"

Watu wakacheka kidogo. Karani wa nyumba, mtu mnene mwenye daftari la mahudhurio, hakucheka.

"Hata paka, bibi, akilala anapendeza. Mwulize panya."

"Wewe ndiye panya, unayejua sana!"

"Bibi, kaa chini."

Sikioni: "Kalamu, kuna simu yoyote?"

Akagonga mara mbili.

"Endelea kutazama."

Wakaendelea kumsaga mzee. Nani alikuja kwake jana? Hakuna. Ana wageni wa nje? Hana. Mbona juzi aliulizia nauli ya kwenda kwa dada yake? Mzee alijibu kila swali taratibu, kama anayesomesha, na kila jibu liligeuzwa likawa kamba ya kumfunga. Binti yake alisimama ukutani, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi wa gauni, anamtazama Kalamu tu.

Ndipo mzee naye akamgeukia.

"Mwanangu, ulikaa kwangu siku tatu. Tulikula sahani moja. Wewe unazunguka dunia, unajua watu. Waambie mimi ni mtu gani."

Vichwa vyote vikamgeukia Kalamu.

"Kalamu," ikasema sauti ya sikioni. "Usithubutu."

Aliniambia kwamba ulimi wake ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Akaurudisha.

"Mimi niliandika niliyoyaona, baba. Hili sikuliona."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu akaona hakiwezi.

"Mmemsikia!" Karani akasema. "Hata aliyemsifu gazetini kashindwa."

Bibi wa nyuma hakudakia tena.

Kiongozi akaenda kwa mzee, akaomba radhi kwanza, akamvua ufunguo shingoni. Mzee aliinamisha kichwa ili kamba ipite, akamrahisishia. Akaambiwa aache chumba leo hii.

Mguno ulipita mabenchini. Na hapo, chini ya daftari la mahudhurio, kidole gumba cha Karani kikaanza kufanya kazi.

Kalamu akagonga mara moja.

"Nani?"

Hakuweza kusema. Akakohoa, akageuka, akauliza kwa sauti: "Samahani, Karani, mahudhurio ya leo ni watu wangapi? Naandika."

"Thelathini na mmoja," Karani akajibu, akiificha simu.

Sikioni: "Karani. Safi."

Dakika tano. Kumi. Mzee alikuwa anakunja kofia yake, anaikunjua, anaikunja. Kisha sikioni zikaingia sauti za vijana wa Idara waliokuwa hotelini na kwenye ofisi ya mizigo.

"Moja hapa. Mnunuzi, mwanamke, ametoka hotelini. Toyota nyeupe."

"Mfuate kwa mbali."

"Mbili hapa. Ameingia ofisi ya mizigo. Ana mlinzi. Mlinzi ana Beretta kiunoni."

"Asubiriwe mpaka ashike sanduku."

"Amelishika. Amefungua. Anacheka."

"Sasa!"

Kalamu alisikia kishindo, kioo kinavunjika, mtu anapiga kelele. Na yeye amekaa kwenye benchi, magoti pamoja, kama yuko mahubirini.

"Wote chini. Mlinzi amelala kifudifudi. Kitabu kizima. Kwenye buti la gari kuna vingine vinne, na anwani za vilivyobaki."

Simu ya Karani ikatetemeka. Akaisoma. Rangi ikamtoka usoni.

Alisimama, daftari likaanguka. Akauendea mlango.

Kalamu alifika kwanza. Akamkumbatia kwa ubavu kama mtu anayeaga, na kitu kigumu cha chuma kikazama kwenye nyama ya mbavu zake.

"Rudi ukae, Karani. Sijamaliza kukuandika."

"Usi... usipige."

"Inategemea miguu yako."

Karani akarudi, akakaa. Alikaa hivyo, mikono juu ya kichwa, mpaka maafisa walipoingia na kitabu, wakamtaja kuwa mshirika wa wezi. Kalamu akarudisha begini kinasa sauti chake cha Sony. Bastola Idara haikumpa maisha yake yote.

Ukumbi ukalipuka. Wengine walilia, wengine walimvamia mzee kwa kumkumbatia. Kiongozi alipiga magoti mbele yake, amemshikia ufunguo kwa mikono miwili.

"Tusamehe, mzee wetu. Uchukue."

Mzee hakuupokea. "Mtafutieni mtu mwingine, mama. Shingo yangu imechoka." Akasema bila hasira, na hilo ndilo lililowaumiza. Waliomba, walibembeleza, yule bibi wa nyuma alimtukana kwa mapenzi, wapi. Binti yake akaingia chumbani kumfungia nguo zake. Zilitosha kwenye shuka moja.

Pale uani, akingoja, alimwita Kalamu kwa kidole.

"Nilipokuuliza mbele ya watu. Ulikuwa unajua?"

Sikioni Mkuu akasema, "Kalamu, kiapo."

Akakitoa kile kidude, akakifumba kiganjani.

"Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Na mwizi alijifunza mle mwako kutoka kwenye makala yangu. Ufunguo, bafu, nyimbo. Kila kitu."

Mzee alimtazama binti yake akitoka na furushi.

"Niliifurahia sana makala ile," alisema. "Nenda nyumbani, mama. Umechoka."

Si zaidi ya hapo. Alishika bega la binti yake, wakatoka kwa mlango mdogo.

Kalamu alitoka kwa mlango mkubwa. Mgongo umenyooka, mtandio umekaa sawa, mkono mmoja mfukoni. Vijana wa Idara waliokuwa kando ya gari walimpigia saluti, wakaambiana yule mama ni jiwe, hana hata jasho. Aliendelea kutembea.

Kwake alikuta ujumbe wa mhariri: anaomba maneno mia tisa, maisha ya kila siku, mtu yeyote mwenye kazi ya kimyakimya. Akaizima kompyuta. Jua lilikuwa bado juu, watoto wa jirani wanapiga mpira ukutani. Alikaa ukingoni mwa kitanda, simu mapajani.

Jua lilipoanza kushuka, binti wa mzee alipiga.

"Dada, nakujulisha tu. Amekula kidogo. Amelala."

"Amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Haya, mdogo wangu. Lala nawe."

"Nami nalala."

Kalamu akaiweka simu chini. Alitaka kuvua viatu, akainama kuzifungua kamba, na palepale, kichwa kikiwa magotini, akajiangusha ubavu juu ya kitanda, akalala.