Sauti ya Pili Katika Santuri ya Odie Tarpley

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa kahawa. Verdell aliifuta santuri ya marehemu mama yake, Odie Tarpley, akaiweka kwenye gramafoni, akamwomba mumewe kikombe kimoja. Lucius aliporudi nacho, wimbo ulikuwa umekwisha, sindano inakwaruza, na mkewe amekata roho kitini.

Siku ya maziko Shangazi Ozella alivunja bakuli la marehemu juu ya kaburi, na chupa yake ya dawa, kisha akamgeukia Lucius.

"Na santuri je? Alichoshika mwisho huvunjwa. Kikibaki kizima, atamvuta mwingine."

"Ni hiyo moja tu iliyobaki, Shangazi. Mama Odie alirekodiwa siku moja tu, mwaka wa 1929. Hakuna nyingine Mississippi nzima."

"Haya, mwalimu. Elimu imekujaa mpaka masikioni."

Jumapili, baada ya kanisa, Lucius aliipiga. Odie aliimba peke yake kama siku zote. Kisha, ubeti wa tatu, nyuma ya mikwaruzo, ikaingia sauti ya pili. Aliijua. Alikuwa ameisikia jikoni kwa miaka kumi na moja. Alilia, akairudisha sindano mwanzo.

Akawa anaipiga kila siku. Sauti ya pili ikapanda, ya Odie ikazama, na chumba kikaanza kunuka udongo mbichi. Binti yao Nettie, mwenye miaka saba, akaacha kula. Daktari hakuona ugonjwa.

Alhamisi mchana, jua likiwaka juu ya mashamba ya pamba, Lucius alisikia santuri ikilia ilhali kifuniko cha gramafoni kimefungwa, akaingia mbio, akamkuta Nettie amesimama mbele ya gramafoni, baridi kama chuma, midomo yake ikifuata ile sauti, ambayo sasa haikuimba tena bali ilimwita kwa jina, taratibu, kama mama anavyomwita mtoto mezani.

"Mama anasema niende, baba," alinong'ona. "Anasema kuna nafasi."

Alimbeba hadi kwa Ozella.

"Nifanyeje?"

"Unajua."

"Nikiivunja, Mama Odie hatasikika tena duniani. Na Verdell..."

"Verdell tumemzika, mwanangu. Hicho ni kitu kilichojifunza sauti yake."

Usiku kucha Nettie alitetemeka mapajani mwa baba yake. Kulipokucha, Lucius aliichukua santuri, akaenda nayo makaburini, akaipigiza kwenye jiwe mpaka ikawa vipande.

Hakuisikiliza kwanza. Alijijua: angeisikia tena, asingeivunja.